Britannia Usoni, Askari Ukingoni

Medali ya Uingereza ya utumishi wa kijeshi barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1902, ina kipenyo cha milimita 36, kwa hiyo hukaa kiganjani bila shida. Upande wa mbele una sura ya mtawala. Upande wa nyuma amesimama mwanamke mwenye kofia ya chuma, mkono mmoja ameshika mkuki wa ncha tatu na mwingine amenyoosha tawi la mtende pamoja na hati iliyokunjwa. Kando yake yupo simba, kwa mbali jua linachomoza, na chini ya miguu yao limeandikwa neno moja tu, AFRICA. Mwanamke huyo ni Britannia, umbo la mtu linaloiwakilisha Uingereza. Medali hiyo ilitolewa kwa vita vya Wanandi vya mwaka 1905 na 1906, kwa vita vya Somalia, kwa misafara kadhaa ya Nigeria, na mara ya mwisho kabisa, ikiwa na kibao cha fedha kilichoandikwa KENYA, kwa waliotumika dhidi ya Mau Mau kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Vibao vya aina hiyo, ambavyo hupachikwa juu ya utepe ili kutaja vita gani, vilizidi 40. Sura ya mbele ilibadilika kutoka Edward wa Saba hadi George wa Tano, kisha ikawa ya Elizabeth wa Pili. Britannia hakuondoka mahali pake.

Wanaopenda medali huichukulia hali hiyo kuwa ni uhafidhina wa kawaida wa Waingereza, ambao wakipata kitu kinachofaa hawaoni sababu ya kukibadilisha. Mimi naona kuna zaidi ya hapo. Kutobadilika ndiko kazi yenyewe aliyopewa mwanamke huyo, na ukishaielewa kazi hiyo utazisoma kwa namna nyingine medali nyingi zilizovaliwa vifuani mwa askari wa Afrika Mashariki.

Tuanze na asili yake, kwa kuwa ina kichekesho ambacho wachongaji wa London hawakukijua. Mchongo wa zamani kuliko yote inayojulikana ya Britannia katika umbo la mtu ulipatikana Aphrodisias, mji wa kale ulioko katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ni bamba la marumaru linaloonyesha mfalme mkuu Claudius wa Roma, ambaye majeshi yake yaliivamia Uingereza mwaka 43 baada ya Kristo, akimwelemea mwanamke aliyeanguka chini, nguo imemvuka begani, nywele zake zimo mkononi mwa mshindi. Mwanamke huyo ndiye Britannia. Alizaliwa akiwa nchi iliyotekwa, na aliyemchora alikuwa anamsifu mtekaji. Warumi walikuwa na desturi ya kuvipa umbo la mwanamke visiwa na majimbo waliyoyatia mkononi, na kwenye sarafu za mfalme mkuu Hadrian, miaka ya 119 hivi, Britannia anaonekana ameketi katika hali ya nchi iliyokwisha kutulizwa.

Baada ya Warumi kuondoka alisahaulika kwa karne nyingi. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimrudisha, na mwaka 1672 akatokea kwenye sarafu za shaba akiwa ameketi na mkuki. Mwaka 1797, kwenye sarafu kubwa za shaba zilizofyatuliwa Birmingham katika kiwanda cha Matthew Boulton, mkuki ule ukageuzwa kuwa wa ncha tatu, silaha ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, kwa sababu Uingereza ilikuwa imekwisha kujitangaza kuwa mtawala wa bahari. Kofia ya chuma aliyonayo ni ya Minerva, mungu wa kike wa hekima na vita, ambaye Wagiriki walimwita Athena. Kwa hiyo huyu tunayemwona kwenye medali ya mwaka 1902 amevaa vitu vya kuazima kutoka kwa miungu wawili, na amesimama mahali pa yule aliyemwangusha. Mateka wa Claudius sasa ndiye anayewanyooshea wengine tawi la mtende, alama ya ushindi kwa Warumi.

Aliyemchonga alikuwa George William de Saulles, mzaliwa wa Birmingham, mchongaji wa kiwanda cha sarafu cha serikali tangu mwaka 1893, aliyefariki mwaka 1903 akiwa hajatimiza miaka 42. Mchoro wenyewe haukuwa mpya hata mwaka 1902. Ulikuwa umetumika kwenye medali ya Afrika Mashariki na Kati iliyotolewa kwa matukio ya mwaka 1897 hadi 1899, yenye utepe wa nusu manjano na nusu nyekundu. Kimoja kati ya vibao vyake kimeandikwa LUBWA'S, kwa ajili ya ngome ya Busoga ambako askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia Uingereza nchini Uganda waliasi mwaka 1897, wakilalamikia mishahara duni iliyochelewa na safari zisizokwisha. Mtu akiitazama medali hiyo atauona ushindi, lakini hataona ni nani aliyemshinda nani, wala hatajua kwamba adui wa vita vile alikuwa amevaa sare ileile siku chache kabla. Kwa Britannia hayo si mambo ya kutajwa.

Hapo ndipo istiara inapofanya kazi yake. Istiara, yaani wazo lililovikwa mwili wa mtu, si jambo geni kwetu. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka karibu mwaka 1840, aliwapiga watawala na mahasimu wa mji wake kwa mafumbo, na waliosikiliza walimjua aliyekusudiwa bila kutajiwa jina. Ndiyo maana husemwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo la pwani huficha mtu ambaye wote wanamjua. Istiara ya medali inakwenda kinyume chake, kwani hata ukiligangua hukuti mtu ndani. Unakuta Ushindi, Nguvu, Ustaarabu, maneno yanayoandikwa kwa herufi kubwa na ambayo hayana anwani. Kwa sababu hayana anwani, muhuri mmoja wa chuma unaweza kufyatua medali ya Nandi asubuhi na ya Nigeria mchana.

Nikiri kwamba kuna sababu ya gharama, tena ndiyo ya kwanza. Kuchonga muhuri mpya kwa kila msafara wa miezi mitatu dhidi ya kijiji fulani ni hasara, na wizara yoyote ya vita ingependa mchoro mmoja unaofaa kote. Lakini ubahili huo unawezekana tu ikiwa picha haina mahali. Ukichora mto Tana huwezi kuupeleka Kano.

Au pengine unaweza, maana kabla ya Britannia palikuwa na jaribio la picha ya vita halisi, na mwisho wake haukuwa mzuri zaidi. Mchoraji Edward Poynter alitengeneza upande wa nyuma wa medali ya vita vya Waasante vya mwaka 1873 na 1874, unaoonyesha wanajeshi wa Kiingereza wakipigana na Waafrika katikati ya miti mikubwa. Ni kazi yenye ufundi, iliyosongamana watu na majani hata jicho halina pa kupumzika. Medali hiyo ilipogeuzwa baadaye kuwa ya Afrika Mashariki na Magharibi, mchoro uleule ukatumika kwa vita vya Witu vya mwaka 1890, nyuma ya Lamu, na kwa kutekwa Mwele mwaka 1895, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Baharia aliyeshuka pwani na kupanda hadi Witu alipewa ukumbusho wenye msitu wa Ghana. Wanaosema kwamba dawa ya istiara ni uhalisia wakumbuke medali hiyo. Mtu mwenye sura lakini asiye na jina hugeuka istiara haraka sana.

Vita vya kwanza vya dunia viliongeza idadi ya medali kupita kiasi kilichowahi kufikiriwa. Medali ya Vita ya Uingereza, iliyochongwa na William McMillan, ilifyatuliwa kwa madini ya fedha, nakala zipatazo milioni 6.5. Nyuma yake kuna mpanda farasi aliye uchi, ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa Mtakatifu George, akiwa na upanga mfupi. Farasi anaikanyaga ngao yenye tai wa Prussia na fuvu lenye mifupa miwili. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu anayemtawala farasi ni akili inayoiongoza nguvu iliyo kubwa kuliko yake, na kwamba uchi uliuepusha mchoro kufungwa na mavazi ya zama fulani. Nina shaka na sababu hiyo ya pili. Sare ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Uingereza la askari wa Afrika Mashariki) aliyetembea kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji ilikuwa vazi la zama fulani kweli, na ilikuwa na haki ya kuwemo. Medali hiyohiyo ilitolewa pia ya shaba, karibu 110,000, kwa wafanyakazi wa vikosi vya kazi, wakiwemo Wachina na Wamalta. Mpanda farasi alikuwa yuleyule, lakini aliyebeba mizigo alipewa madini ya chini kuliko aliyebeba bunduki. Istiara haikuhitaji kusema lolote juu ya daraja za watu, kwa sababu madini yalikwisha kusema.

Ile ya pili, Medali ya Ushindi, ina historia ya kuvutia zaidi. Mwaka 1919 mataifa yaliyokuwa upande mmoja yalikubaliana kutoa medali zinazofanana, zenye utepe wa rangi za upinde wa mvua na umbo la Ushindi mwenye mabawa, yaani Nike wa Wagiriki au Victoria wa Warumi. Wagiriki walimchonga Nike akishuka kutoka angani, nguo imebanwa mwilini na upepo, na sanamu yake iliyotoka kisiwa cha Samothrace imesimama Paris, katika jumba la Louvre, haina kichwa wala mikono, na bado watu hupanda ngazi kwenda kuitazama. Kwenye medali ya Uingereza, kazi ya McMillan vilevile, amesimama wima na tawi la mtende, mkono mmoja ameunyoosha pembeni. Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Marekani kila moja ilimpa mchongaji wake wa nyumbani, lakini mwanamke wa mabawa alibaki.

Mataifa mawili yalikataa. Japani ilimwondoa Nike ikamweka Takemikazuchi, mungu wa vita katika visasili vyake yenyewe, akiwa na mkuki. Siam, ambayo leo ni Thailand, ilimweka Vishnu. Utepe ulikuwa uleule wa rangi za upinde wa mvua, ukubwa uleule, heshima ileile. Hakuna aliyedai kwamba kwa kufanya hivyo wamejitoa katika ushindi. Mfano huo wa Japani na Siam unaonyesha kwamba Nike hakuwa lugha ya dunia nzima, bali alikuwa lugha ya waliokuwa na kiti mezani, na waliokuwa na kiti wangeweza kusema lugha nyingine wakitaka. Askari wa Tabora, Nyanza au Zomba hakuwa na kiti. Huenda alipomwona mwanamke wa mabawa alidhani ni malaika, na hangekuwa amekosea sana, kwa kuwa malaika wa kanisani walichorwa na watu waliokuwa wamemtazama Nike kwa karne nyingi.

Nyuma ya medali ya Uingereza kumeandikwa kwa Kiingereza kwamba hivyo vilikuwa vita vikuu kwa ajili ya ustaarabu, 1914 hadi 1919. Wa Afrika Kusini waliandikiwa pia kwa Kiholanzi. Hakuna aliyefikiria kuiandika kwa Kiswahili, na labda ni heri, kwani neno letu lenyewe lina istiara yake. Ustaarabu kwa asili ni kufuata mwenendo wa Waarabu, kumbukumbu ya zama nyingine ambazo sifa njema ilipimwa kwa umbali wa mtu kutoka kwake mwenyewe. Laiti mtarjumani wa mwaka 1919 angelitumia, askari angevaa kifuani mwake mungu wa kike wa Kigiriki na neno la Kiarabu kwa amri ya mfalme wa Kiingereza.

Linganisha yote hayo na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Ilisimamishwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. James Alexander Stevenson, mchongaji Mwingereza, alimtengeneza kwa shaba nyeusi askari wa KAR anayepiga hatua mbele, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Ana kofia yake, ana vitambaa vilivyozungushiwa miguuni, ana mkunjo wa uso wa mtu anayesikiliza. Kibao kilichopo chini kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini. Nairobi nayo ina sanamu yake ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi, wa kundi lile la wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, lililoziachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi majina yao. Hapana Nike, hapana Britannia, hapana mpanda farasi aliye uchi. Dola ileile iliyovikumbuka vita vilevile, tena katika muongo uliofuata mara moja, iliweza kumwona askari na mzigo wake ilipotaka aonekane na wenzake wapitao njiani. Ilimtumia visasili ilipokuwa inamtundikia kitu kifuani. Sanamu ilikuwa inazungumza na mji, na mji ungeicheka kama ingemkosea mtu wao. Medali haikuwa inazungumza naye, ilikuwa inamwandikisha.

Na hapo ndipo ukingo wa medali unapoingia. Medali ya mwaka 1902, ile ya Vita na ile ya Ushindi zote zilipigwa chapa ukingoni kwa herufi ndogo: namba, cheo, jina, kikosi. Ukingo ni mwembamba mno kiasi kwamba lazima uizungushe medali taratibu mbele ya mwanga ili usome, na karani aliyesikia jina la Kiyao au la Kikamba kwa sikio la Kiingereza aliliandika alivyolisikia. Hata hivyo ni jina. Kati ya kila kilichomo kwenye kipande kile cha fedha, hilo peke yake halingeweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine.

Edward Carter Preston, mchongaji wa Liverpool, alilielewa jambo hilo. Bamba la ukumbusho alilolibuni kwa ajili ya familia za waliouawa katika vita vya kwanza lina Britannia na simba kama ilivyo kawaida, lakini Britannia ananyoosha shada juu ya kisanduku kilichoandikwa jina la marehemu kwa herufi za kuinuka, na cheo hakikutajwa kabisa. Jina limepanda usoni. Ni nadra istiara kuonekana imeinama kwa mtu namna hiyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kati ya zote nilizozitaja.

Preston huyohuyo alichonga upande wa nyuma wa Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945, na matokeo yake ni tofauti kabisa. Simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, alama ya maadui wa Magharibi na wa Mashariki. Kosa si lake, kwa sababu safari hii serikali ya Uingereza iliamua kutopiga majina ukingoni. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliolivuka bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua za mwaka 1944, walipewa simba na joka na ukingo mtupu. Wajukuu wanaozifungua bahasha za zamani leo hawawezi kujua kwa medali peke yake ilikuwa ya babu yupi. Istiara ilikuwa imekamilika, na haikuwa na haja ya mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba mawazo makubwa hayana budi kuvikwa umbo fulani, na kwamba bila visasili vya Ugiriki na Roma medali ingekuwa risiti tu. Jibu lipo Zanzibar. Mwaka 1875, mwaka uleule alioitembelea London, Sultani Barghash bin Said alianzisha nishani ya Al-Kawkab al-Durri, nyota ing'aayo kama lulu. Maneno hayo yamo katika aya ya 35 ya Surat an-Nur, ambayo watu wa pwani huijua tangu chuoni, pale nuru ya Mwenyezi Mungu inapofananishwa na taa ndani ya kioo, na kioo hicho kama nyota hiyo. Umbo la nishani lilifuata desturi za kifalme za Ulaya, lakini wazo lake lilitoka katika kitabu ambacho mvaaji na mtazamaji wa Unguja walikihifadhi kwa moyo. Ni istiara, tena ya juu, na hapakuhitajika mwanamke mwenye kofia ya chuma.

Wanaonunua na kuuza medali za kale wamekuwa wakiliona jambo hili siku zote, ingawa kwao ni suala la bei. Mtu akiwapelekea medali ya mwaka 1902, Britannia hatazamwi. Huangaliwa kibao kwanza, kisha medali hugeuzwa ubavu na ukingo husomwa, na ukingo uliopigwa tupa ili kufuta jina hushusha thamani yake mara moja. Medali ya Mwele haina hata kibao. Waliopewa medali kwa ajili ya siku ile ya Agosti 1895, Mbaruk bin Rashid alipoipoteza ngome yake, walichongewa ukingoni jina la mahali na mwaka, MWELE 1895, kando ya kishikio cha utepe, kwa herufi ndogo zinazotaka lenzi. Upande wa nyuma, wanajeshi wa Poynter wanaendelea kupigana katika msitu wa Waasante.